Kapasita haigeuzi fezi moja kuwa fezi tatu

Watu wengi bado wanaamini ukishafunga kapasita (kile kifaa cha kutunza chaji ya umeme) kwenye mota ya fezi tatu basi umeme wa fezi moja, ule wa kawaida wa nyumbani, unageuka kuwa fezi tatu kamili na mota inapiga kazi kama kawaida, jamani sio hivyo. Kapasita inachofanya ni kusogeza mkondo wa koili moja upishane kidogo na wa zingine, hapo ndo mota inapata msukumo wa kuanza kuzunguka, bila hiyo inavuma tu mmmmm, shafti haitoki ilipo na koili zinachemka mpaka unanusa vanishi ya waya zake. Lakini nguvu inashuka, hesabu kama asilimia 70 hivi ya ile iliyoandikwa kwenye kibati cha maelezo cha mota, na msukumo wa kuanzia unakuwa mdogo sana, kwahiyo kompresa inayoanza na mzigo itakusumbua kila siku.

Halafu soma kibati kwanza! Kikisema volti 230/400 unafunga delta, yaani koili tatu zinaungana kama pembetatu, kikisema 400/690 hizo volti 230 za fezi moja hazitoshi. Ukitaka nguvu kamili tafuta inveta inayopokea fezi moja na kutoa tatu, na hapo kapasita itoe kabisa kwenye mota maana utaiua inveta.