Picha moja, alama mbili: dhana potofu kuhusu kura za mashindano ya picha mtandaoni

Alasiri moja nilikuwa nimekaa barazani karibu na Mkunguni, hapa Lamu, kikombe cha kahawa chungu mkononi, akaja mtoto wa ndugu yangu na simu yake. "Ami, tazama walivyonifanyia." Picha ilikuwa ya jahazi likipita mbele ya Shela, tanga limejaa, baharia mmoja ameinama kwenye mrengu. Shindano moja la mtandaoni liliipa 6.8 kwa 10. Wiki tatu baadaye akaipeleka kwingine, picha ileile, ikapata 5.3. "Hawa wa pili wameniibia."

Sikumcheka, maana mimi mwenyewe niliwahi kulalamika hivyohivyo, na kwa maneno makali zaidi. Lakini malalamiko yale yamesimama juu ya dhana kadhaa ambazo sisi wapiga picha huambizana mpaka zikaonekana kweli.

Dhana ya kwanza: alama ni kama uzito, picha inao wake

Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe dume. Mwanasayansi Francis Galton alizichukua karatasi 787 za makadirio, na mwaka 1907 akachapisha matokeo: kadirio la katikati lilikuwa ratili 1,207, uzito wenyewe 1,198. Kisa hiki hutajwa sana kuonyesha kwamba watu wakiwa wengi hawakosei. Sawa, lakini ng'ombe yule alikuwa na uzito wake hata kama asingetokea mtu wa kuukisia. Jahazi la mpwa wangu halina alama iliyofichwa mahali ikingoja kufichuliwa. Ile 6.8 ni wastani wa maoni ya watu waliokuwepo siku zile, kwa kipimo walichopewa, na picha nyingine zikiwa pembeni. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo, umebadilisha alama bila kuigusa picha.

Dhana ya pili: 6.8 ya huku ni bora kuliko 5.3 ya kule

Hapa ndipo wengi tunapojiumiza, na watu wa Lamu hatuna udhuru. Wakati wa Maulidi punda hukimbizwa hapa ufukweni mbele ya umati, na mtu yeyote anajua kwamba punda aliyeshinda amewashinda wale aliokimbia nao. Hakuna anayesema amemshinda wa mwaka juzi. Mashua ndiyo zaidi. Ukiniambia mashua fulani ilimaliza mbio kwa muda mfupi kuliko nyingine iliyoshindana siku tofauti, swali langu la kwanza ni upepo ulikuwaje.

Kwenye kura za picha, upepo ni mada. Shindano lisilo na mada humpa kila mtu nafasi ya kuchagua picha bora aliyowahi kupiga maishani, na wapiga kura huja wamelegea: wanataka kupendezwa tu. Shindano lenye mada na muda mfupi hupokea picha zilizopigwa juzi, na mpiga kura ana swali lake mkononi: imejibu mada au haikujibu? Shindano la Wiki Loves Africa, la picha za Afrika za kutumika Wikipedia, lilipoanza mwaka 2014, mada ilikuwa mapishi. Mwaka 2017 ikawa watu kazini. Picha ya fundi wa Matondoni akichonga mbao za jahazi ingekaa barabara kwenye mada ya 2017. Mwaka 2014 ingeonekana imepotea njia, na hiyo haina uhusiano wowote na ubora wake. (Huko majaji ndio huamua. Nalitaja kwa sababu ya mada zake.)

Kuna na kipimo chenyewe. Tulilelewa na karatasi za mtihani ambazo 55 kwa 100 ni alama ya kukunja na kutia mfukoni kabla mama hajaiona. Lakini kura zikianzia 1 na kuishia 10, katikati yake ni 5.5. Anayepata 5.5 hajafeli, amekaa katikati ya kipimo. Tena kuna mashindano ambayo desturi yake ni ukarimu, 7 hutolewa kama salamu, na mengine ambayo 7 ni jambo la kusimuliwa.

Nikamwambia kijana aachane na alama, atazame nafasi. Akapapasa simu. Ile 6.8 ilikuwa ya 61 kati ya picha 140. Ile 5.3 ilikuwa ya 9 kati ya 120. Akakaa kimya kidogo, kisha akaninyang'anya kikombe cha kahawa.

Dhana ya tatu: aliyenipa 1 ana choyo

Pengine anacho. Lakini mtu anayempa kila mshiriki 2 huwashusha wote kwa pamoja. Mradi amepigia picha zote, mpangilio wa washindi haubadiliki kwa kura yake, ila wastani wa shindano zima huonekana umeanguka. Anayeharibu ni yule anayechagua wa kumshusha, na hutokea zaidi pale washiriki wenyewe ndio wapiga kura. Madhara yake yanategemea idadi. Watu tisa wakikupa 7 na mmoja akakupa 1, unapata 6.4. Watu tisini na tisa wakikupa 7 na yuleyule mmoja akakupa 1, unapata 6.94. Choyo ni kilekile, umati ndio uliommeza.

Ndiyo maana pia picha yenye kura chache hurukaruka: leo iko juu kabisa, kesho iko chini. Waandaaji wengine huzuia hilo kwa kuianzishia kila picha kura za kubuni zilizo sawa na wastani wa shindano, ili ya kura tano za 9 isiipite ya kura mia mbili za 8. Mwenye kura tano hudhani amedhulumiwa.

Na tafadhali, yale mashindano ya kuhesabu "like" tusiyaingize kwenye mazungumzo haya. Yale hupima una binamu wangapi na uko kwenye makundi mangapi ya WhatsApp. Nilishindwa mara moja na picha ya sahani ya biriani iliyopigwa kwa mwanga wa taa ya dharura. Sijasahau.

Dhana ya nne: picha ni ileile popote

Faili ni ileile, labda. Kinachoonekana si kimoja. Mpiga kura mmoja yuko ofisini mbele ya skrini kubwa, mwingine yuko kwenye boti ya kwenda Mokowe, jua la saa saba linapiga kioo cha simu. Milango yetu ya kuchonga huteseka sana hapo. Niliwahi kupeleka picha ya mlango wa nyumba ya zamani, nakshi za maua zimezama kwenye kivuli, na nikajivunia kivuli kile. Kwenye simu kiligeuka weusi mtupu. Ilionekana picha ya shimo ukutani. Tanga la jahazi halina shida hiyo, umbo lake linasomeka hata likiwa dogo kama ukucha, na mashindano mengi huonyesha picha kwanza zikiwa ndogo.

Rangi nazo zina mambo. Faili iliyohifadhiwa kwa rangi za Adobe RGB, mfumo wa mwaka 1998, ikifunguliwa mahali panapojua sRGB tu, yaani mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, hupauka kama kanga iliyoanikwa wiki nzima. Kabla ya kutuma, igeuze iwe sRGB.

Kuhusu kamera ya bei: wapiga kura hawaioni.

Mpwa wangu alikuwa amemaliza kahawa yangu. "Sasa ami, ninayo moja ya fundi wa Matondoni. Niipeleke wapi?"

"Kwanza nionyeshe ikiwa ndogo."

Akaibana kwa vidole viwili mpaka ikawa kama stempu. Uso wa mzee haukutambulika tena, ubavu wa jahazi umebaki mstari tu, lakini tezo ilionekana, imeinuliwa.