Kodi ya kiwanja Malindi: maoni ya wakazi yana mlango wake na wakati wake

Uwe Barani, Maweni, Muyeye au Shela, ukitaja kodi ya kiwanja jibu ni moja: hailipiki. Huenda ni kweli. Lakini neno hilo likisemwa mbele ya karani anayepokea pesa halipunguzi hata shilingi. Karani hakuthamini kiwanja wala hakupitisha asilimia. Hata akikuonea huruma hana la kufanya, maana Ibara ya 210 ya Katiba ya Kenya inasema kodi haitozwi, haisamehewi wala haibadilishwi ila kwa sheria, na kila msamaha uandikwe pamoja na sababu yake na kuripotiwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Anayekuahidi "kukufutia kidogo" kando anakuuzia hewa.

Tunayozungumzia hapa ni ile kodi ya mali ambayo kaunti hutoza kwa mujibu wa Ibara ya 209, ile ambayo wengi huiita reti. Si pango la ardhi analolipa mwenye hati ya muda, yaani aliyekodishiwa ardhi kwa miaka maalumu, kwa serikali ya kitaifa. Wako wanaolipa moja wakadhani wamemaliza, kisha wanashtuka siku ya kuuza wakikuta deni la miaka kwa upande wa pili. Bila cheti cha kuonyesha hudaiwi reti, uhamisho unaweza kukwama.

Bili hutokana na namba mbili: thamani ya kiwanja iliyoandikwa kwenye daftari la uthamini, na asilimia inayowekwa na sheria ya kaunti. Kiwanja cha thamani ya shilingi 800,000 kikitozwa asilimia 0.5, mwenyewe atalipa 4,000 kwa mwaka. Kile kile, kama daftari la zamani lilikiandika 40,000 na asilimia ni 10, bili bado ni 4,000. Ndiyo maana thamani mpya kubwa peke yake si sababu ya kupiga kelele. La kuuliza ni kama asilimia imeshushwa sambamba nayo. Nairobi iliwahi kutoza asilimia 34 ya thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilipohamia thamani mpya kiwango kikawa asilimia 0.115. Kaunti ikipandisha namba ya kwanza na kuiacha ya pili palepale, hapo mkazi ana hoja nzito mkononi.

Kwa kawaida mthamini hukadiria ardhi tupu, kana kwamba hakuna nyumba juu yake. Ukiongeza chumba au ukiezeka mabati badala ya makuti, bili haipandi kwa sababu hiyo. Upande wa pili wa jambo hilo ndio unaowauma wazee wa karibu na ufuo: bibi mwenye nyumba ya udongo na mnazi wake mmoja huthaminiwa kwa bei ya jirani aliyejenga jumba la wageni lenye bwawa la kuogelea. Ardhi yake ni mali, lakini mali isiyoleta pesa ya mkononi. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye udhalimu halisi wa kodi hii Malindi, kuliko ukubwa wa asilimia yenyewe, na dawa yake ni kifungu cha nafuu ndani ya sheria ya kaunti kwa mwenye kuishi kwenye kiwanja chake na asiye na kipato.

Mlango wa kwanza wa maoni ni daftari la uthamini. Linapotangazwa upya huwekwa wazi likaguliwe, na pingamizi hupokelewa kwa muda mfupi tu. Sheria ya zamani ya uthamini wa reti (Sura ya 266), ambayo ilifutwa pamoja na ile ya utozaji wa reti (Sura ya 267) kupitia Sheria ya Kitaifa ya Kodi ya Mali ya 2024, ilitoa siku 28. Shika siku zilizotajwa kwenye tangazo lenyewe. Pingamizi la maana hutaja namba ya kiwanja, thamani iliyoandikwa, thamani unayoona ni ya haki, na ushahidi: viwanja vitupu viwili au vitatu vya jirani vilivyouzwa karibu na tarehe ya uthamini, kwa bei gani. Kuandika "ni ghali mno, tuhurumieni" hakusaidii, wala kulalamikia asilimia hapa, kwani huyo mthamini asilimia haimhusu.

Usipite haraka ukubwa wa eneo. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni hekta 0.0465. Nukta ikiteleza ikawa 0.465, umethaminiwa kiwanja mara kumi ya ulichonacho. Kosa jingine ni shamba lililogawanywa huku daftari likibaki na namba ya zamani: bili nzima inamwangukia mtu mmoja, na waliouziwa vipande hawaonekani popote.

Mlango wa pili ni Mswada wa Fedha wa kaunti, ule unaoweka viwango vya kodi na ada. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, makadirio ya matumizi hufika Bunge la Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, kufikia Aprili 30, na mswada huo huja na vikao vyake vya kuchukua maoni. Hapa ndipo pa kusema juu ya asilimia, riba, malipo ya awamu na nafuu kwa wazee. Hapa pia ndipo pa kuuliza mbona taka hazizolewi na taa za barabarani hazimuliki. Reti ni kodi, haikusubiri upate huduma ndipo udaiwe, kwa hiyo kugoma kulipa hakukusaidii. Lakini serikali ya kaunti inayoiomba kwenye bunge hilo lazima ieleze inakwenda wapi. Aliyekosa kikao anaweza kupeleka ombi la maandishi wakati wowote, haki iliyo katika kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Kuna wakazi wengi ambao nyumba ni yao na ardhi ni ya mwingine, wakimlipa mwenye ardhi kila mwezi. Kisheria mdaiwa wa reti ni mwenye ardhi. Akikupandishia malipo kwa kisingizio cha reti, mwombe nakala ya bili. Tuseme kiwanja kina nyumba 12 na bili ni 9,600 kwa mwaka: kila nyumba ni 800, yaani kama shilingi 67 kwa mwezi. Akiongeza 500 kwa mwezi anakusanya 72,000 kwa mwaka, na ziada ya 62,400 si reti, ni faida yake.

Viwanja vya urithi navyo vina shida yake. Hati ina jina la babu, warithi wako Mombasa, Arabuni na hapa hapa Malindi, kila mmoja anamngoja mwenzake. Mtu yeyote anaweza kulipa kwa namba ya kiwanja, na kulipa hakumfanyi kuwa mmiliki, basi hofu hiyo isiwazuie. Deni halingoji mirathi iamuliwe. Tuchukue bili ya 4,000 na riba ya asilimia 2 kwa mwezi isiyozaa riba: baada ya miaka mitano bila kulipa, deni ni 20,000 na riba 14,400 (bili ya kwanza imechelewa miezi 60, ya mwisho 12). Wengi wanaosema kodi hailipiki wanamaanisha jumla hiyo, si ile 4,000.

Kaunti nyingi hutaka kodi ya mwaka iwe imelipwa kufikia mwisho wa Machi. Kwa Malindi tarehe hiyo si mbaya: wageni bado wapo na vyombo vinaingia baharini. Aliyepitisha Machi anaanza kuhesabiwa riba wakati kusi inavuma, mahoteli yamelala na mvuvi yuko nchi kavu. Kama huwezi kulipa yote, omba mpango wa awamu kwa maandishi, na uulize kila awamu inakatwa kwenye riba kwanza au kwenye deni lenyewe.

Risiti za lililokuwa Baraza la Manispaa ya Malindi kabla ya 2013 zisitupwe. Madeni ya wakati huo yalirithiwa na kaunti, na malipo yasiyoonekana kwenye mfumo wa sasa huthibitishwa kwa karatasi hiyo. Itolee nakala, upeleke nakala, na ubaki na ya asili.