Kiberiti si kipimo cha gesi

Juma lililopita nilimkuta mlinzi wa jalala amechuchumaa kwenye bomba langu la kupimia gesi ya jalala, kizibo kiko pembeni, kiberiti mkononi. "Docta, nilikuwa naangalia tu kama mazuku iko." Nilimpokonya kile kiberiti kabla hata ya salamu, na mimi nimelelewa vizuri, watu nawaamkia. Huyo ni wa tatu tangu mvua zianze. Basi naandika, maana kusema kumenikausha koo.

Hapa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ulio chini ya volkano, gesi yoyote itokayo chini tunaiita mazuku. Mazuku yenyewe, ile ya pande za Himbi, Bulengo na Mugunga, ni kaboni dioksidi ya volkano. Ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inatuama mabondeni kama maji kwenye sahani: mtu mzima anapita amesimama, mbuzi anabaki hapo. Gesi ya jalala ni nyingine. Taka zikioza pasipo oksijeni hutoa methani na kaboni dioksidi, karibu nusu kwa nusu. Methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa, cheche moja inatosha.

Hapo kuna mjuaji ataniambia: "Lakini ndani ya bomba ni asilimia 50, imepita 15, hailipuki." Kweli, ndani ya bomba. Lakini mdomoni inakutana na hewa, inapungua kidogo kidogo, na kabla haijaisha ni lazima ipite kati ya 15 na 5. Ni pale pale ulipoinamisha uso.

Twende sasa kwenye mazuku halisi, maana huko ndiko kiberiti kilikopata sifa. Wazee walishusha taa shimoni, ikizimika, hawakuingia. Sawa: ikizimika, usiingie. Ila watu wameigeuza: ikiwaka, ingia! Piga hesabu. Hewa ina oksijeni asilimia 21. Chukua hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 10: oksijeni iliyobaki ni karibu 19, na mwali unaweza kuendelea kuwaka bila wasiwasi. Wewe je? Kwa asilimia 10 kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, na dakika chache baadaye unaweza kuanguka umezimia. Unaangukia chini, ambako gesi ni nyingi zaidi. Kaboni dioksidi haiui kwa kumaliza oksijeni peke yake. Yenyewe ni sumu ikiwa nyingi. Mshumaa hauna damu, hauna mapafu, hauwezi kukusemea. Hili nimelieleza kwenye mikutano ya mtaa mpaka watoto wananiigiza.

Na harufu? Methani haina, kaboni dioksidi haina. Kinachonuka jalalani ni vitu vingine vidogo vinavyosafiri nazo. Ukifunika taka kwa udongo harufu inapungua, watu wanashukuru, lakini gesi imezuiwa juu tu. Inatafuta pembeni, na pembeni kwetu ni lava iliyopasuka. Chumba cha jirani kinaweza kuwa njia yake.

Saa ya kupima nayo inanichosha. Wakubwa wanapenda kuja saa nane mchana, jua kali, upepo wa ziwani, mashine inasoma karibu na sifuri, picha zinapigwa. Mazuku hujaa usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Na mgandamizo wa hewa ukishuka, udongo unapumua nje. Kipimo kisichoandikwa saa wala mgandamizo, kwangu ni mapambo.

Maji nitayapitia haraka. Kwenye kisima cha uangalizi, kile cha kupimia kama jalala linachafua maji ya chini, huchoti maji yaliyotuama. Unayatoa kwanza mpaka kondaktivite, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme, itulie, ndipo ujaze chupa. Unahitaji kisima kimoja upande maji yanakotoka, viwili yanakoelekea. Na kondaktivite kubwa usiifanye ushahidi wa taka: maji ya Ziwa Kivu yenyewe yanapita mikrosimensi 1,000 kwa sentimita bila msaada wa jalala lolote. Mimi natazama kloridi na amonia, halafu nakumbuka vyoo vya majirani, navyo vinatoa hivyo hivyo.

Basi niseme na linalonikosesha usingizi. Kuna mama nyumba yake iko nyuma ya jalala, ukuta kwa ukuta. Sakafuni kwenye chumba cha watoto nimepata kaboni dioksidi, methani sifuri. Vitabu vinasema: hakuna methani, basi ni volkano. Lakini bakteria wa udongo huila methani njiani na kuigeuza kaboni dioksidi hiyo hiyo. Isotopu za kaboni, yaani atomu za kaboni zenye uzito tofauti, zingesaidia kutofautisha, ila sampuli inabidi ivuke mpaka, na ikirudi na jibu kwamba vyote viwili vimechangamana sitashangaa. Katika lava nikihamisha sonda, kile kijiti cha kuvutia gesi ya ardhini, hatua tatu napata nambari nyingine kabisa, na sijui ipi nimwandikie.

Mama aliniuliza: "Docta, ni ya jalala ama ni ya mlima?" Nikamwambia watoto wasilale chini, dirisha libaki wazi, kiberiti kisikaribie ule ufa. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri narudi na mashine.