Je, wajua kwa nini Detroit walimtoa John Smoltz wakampokea mrushaji wa miaka 36?

Mashabiki wa Detroit Tigers, timu ya besiboli ya Marekani, wakianza kubishania biashara mbaya kuliko zote kuwahi kufanywa na timu yao, jina la John Smoltz halikosekani. Tarehe 12 Agosti 1987 Tigers walimpeleka mrushaji huyo kijana wa miaka 20 kwa timu ya Atlanta Braves, wakapewa Doyle Alexander, mrushaji wa miaka 36. Alexander alistaafu baada ya msimu wa 1989. Smoltz alishinda mechi 213, akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 1996, na 2015 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: viongozi wa Detroit hawakuwa na jicho la kipaji. Nilikosea. Nilikuwa naisoma hadithi hii kuanzia mwisho, nikiwalaumu watu kwa kutoona jambo ambalo lilikuwa halijatokea.

Agosti ile Smoltz alikuwa ligi ya chini, Glens Falls, jimbo la New York. Alikuwa ameshinda mechi 4 na kupoteza 10, akiruhusu wastani wa mikimbio (alama za wapinzani) 5.68 kwa kila vipindi tisa, yaani mechi nzima ya kawaida. Katika besiboli mrushaji ndiye anayemtupia mpigaji mpira, na mikimbio anayoruhusu ikipungua ndivyo anavyokuwa hodari. Chini ya 3 ni kazi safi sana. Zaidi ya 5, tena ligi ya chini, kocha hulala na mawazo. Alexander naye alipofika Detroit alianza mechi 11, na timu ikashinda zote 11. Yeye mwenyewe aliandikiwa ushindi 9 bila kupoteza hata mmoja, kwa wastani wa 1.53.

Chukua mfano wa mtu wa Pemba mwenye kitalu cha mikarafuu. Ana miche kumi, na Jumamosi anaoza binti yake, lakini mchele hana. Jirani anao gunia, anataka mche mmoja. Mwenye kitalu anatazama ule uliodumaa, majani yamejikunja. Miche mingi hufa kabla ya kuchanua. Itakayopona itachukua miaka kuzaa. Harusi haingoji. Anautoa. Miaka ishirini baadaye mche ule ni mkarafuu mkubwa kuliko yote mtaani, na kila apitaye chini yake husema yule mzee alikuwa mjinga. Mchele ulioliwa siku ile hakuna anayeukumbuka.

Na harusi ilifana. Wikiendi ya mwisho ya msimu Toronto Blue Jays walifika Detroit wakiongoza kundi lao moja kwa tofauti ya mechi moja. Tarehe 2 Oktoba Alexander aliwashinda 4-3, na Detroit wakamaliza kazi kwa kushinda mbili zilizofuata. Tigers walifunga msimu na ushindi 98, Toronto 96. Enzi hizo mshindi wa pili wa kundi alirudi nyumbani. Kwa pengo la mechi mbili, sioni Detroit wangefikaje mtoano bila Alexander.

Lakini bei haikuwa ndogo. Kwenye mtoano Minnesota Twins waliwashinda kwa mechi 4 dhidi ya 1, na Alexander alipoteza mechi zote mbili alizoanza. Detroit hawakuonja tena mtoano hadi 2006. Wala huwezi kuthibitisha kwamba Smoltz angekuwa yuleyule angebaki. Huko Atlanta alilelewa na mkufunzi Leo Mazzone, na mche hutegemea udongo. Hata hivyo, kwa hesabu ya Agosti 1987, mimi siiti biashara hii mbaya kuliko zote.

Mwaka 1987 mrushaji nyota wa Tigers alikuwa Jack Morris. Tarehe 27 Oktoba 1991 Morris alisimama kilimani, mahali pa mrushaji, akiwa na jezi ya Minnesota, mechi ya saba ya fainali ya Marekani, na mpinzani wake upande wa Atlanta akawa Smoltz. Smoltz alitolewa kipindi cha nane ubao ukiwa bado 0-0. Morris akarusha vipindi vyote kumi, kimoja zaidi ya kawaida, na Minnesota wakashinda 1-0.