Je, wajua kwa nini daraja la Pontypridd lina matundu mabegani?

Ukilitazama kwa ubavuni daraja la zamani la Pontypridd, huko Wales, unaona tao moja jembamba la mawe lililovuka mto Taff, na katika kila bega la tao matundu matatu ya duara: kubwa chini, dogo juu.

Ya nini? Kwa miaka mingi nilijibu bila kusita: ya kupitishia mafuriko. Jibu hilo linaingia akilini. Daraja la kwanza la mahali hapo lilichukuliwa na mafuriko kweli, na matundu yenyewe yanafanana na midomo ya makalvati. Lakini tazama yalipo. Tao limeinuka kama futi 35, na tundu la juu kabisa liko karibu na barabara. Mto ungelazimika kulijaza tao karibu lote kabla ya kulifikia. Pengine tundu la chini lingepunguza nguvu ya mafuriko makubwa sana, ila hiyo ingekuwa faida ya ziada tu.

Mwashi alikuwa William Edwards, aliyeanza kazi mwaka 1746. Daraja lake la kwanza lilikuwa na nguzo mtoni. Miti iliyoletwa na mafuriko ikakwama hapo, maji yakajaa nyuma yake, daraja likaenda. Akaamua kuziacha nguzo na kuruka mto kwa tao moja la futi 140, karibu mita 43. Idadi ya majaribio yake husimuliwa tofauti, matatu au manne, lakini lile lililotangulia la mwisho ndilo linalonivutia: halikuangushwa na maji. Kilele chake kilipanda juu, mawe yakaachana.

Kilipandaje, wakati mawe ni mazito? Chukua ukanda wa karatasi ngumu, ukunje uwe tao juu ya meza, uzuie ncha zake zisiteleze. Sasa bonyeza mabega yote mawili kwa vidole. Katikati panainuka. Tao la mawe hufanya vivyo hivyo: kati ya mgongo wake na barabara kuna ujazo wa mawe na udongo, mwingi mabegani, kidogo sana kileleni. Mabega yakielemewa kuliko kilele, yanashuka na kukisukuma kilele juu. Ni kama mizani: upande mzito ukizama, mwepesi hauna budi kupanda.

Angeweza kukiongezea kilele uzito. Edwards alichagua kuyapunguzia mabega, akayatoboa. Ndiyo maana tundu kubwa liko chini, penye ujazo mwingi, na dogo liko juu, penye ujazo kidogo. Ukubwa wa kila tundu unafuata mzigo uliopaswa kuondolewa.

Daraja lilikamilika mwaka 1756, na bado limesimama. Mwinuko wake ulikuwa mkali mno kwa mikokoteni yenye mizigo, hivyo mwaka 1857 likajengwa lingine ubavuni mwake kwa ajili ya magari ya farasi. Lile la Edwards wakaachiwa wanaokwenda kwa miguu.