Mpeni mgonjwa mofini yake

"Padri, akipewa dawa ya maumivu, si tutakuwa tumemnyang'anya msalaba wake?" Wiki hii nimeulizwa tena, na nimechoka kulijibu swali hili kwenye korido za wodi. Anayeuliza kwa kawaida hana ubaya wowote moyoni. Na kwa kawaida si yeye anayeumwa.

Jibu ni hapana, na si jibu langu. Februari 1957 madaktari wa usingizi walimpelekea Papa Pio XII maswali ya namna hii. Alijibu kwamba Mkristo hawajibiki kuyatafuta maumivu. Kama hakuna njia nyingine, dawa ya kutuliza inaruhusiwa hata ikiwa huenda ikafupisha maisha, mradi nia iwe kutuliza na si kuua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2279, ipo, isomeni. Mwaka 1980 Kongregasio ya Mafundisho ya Imani, ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho, iliongeza kwamba wapo Wakristo wanaochagua kupunguza dawa ili wajiunge kwa hiari na Kristo msulubiwa, lakini si busara kuufanya ushujaa huo kuwa sheria ya wote. Hiari hapo ni ya mgonjwa. Si ya shangazi yake.

Hapo ndipo hutolewa Marko 15:23: Yesu alipewa divai iliyotiwa manemane, akaikataa. Kweli, lakini aliikataa mwenyewe, hakuna aliyemkatalia. Na usiku wa kuamkia siku hiyo aliomba kikombe kimwepuke. Mbona Gethsemane haitajwi kamwe wodini?

Kinachoniudhi zaidi ni ile sentensi ya "tolea mateso yako," inayotamkwa na mtu aliyesimama mlangoni akiwa na funguo za gari mkononi. Kutolea mateso, yaani kumtolea Mungu maumivu yako pamoja na ya Kristo, ni jambo la kweli, naliamini, nimeona watu likiwabeba. Lakini ni sala, na sala ya mtu huwezi kumsalia kwa niaba yake na kisha umdai matokeo. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya kitume Salvifici doloris ya 11 Februari 1984, anasema wazi kwamba karibu kila mtu huingia katika mateso akilalamika na kuuliza "kwa nini?", na kwamba maana huja polepole, mtu anapotembea na Kristo mwenyewe. Haji nayo mgeni wa saa za kutembelea. Wanaoitaja barua hiyo hawafiki mwisho wake, ambako Papa anamleta Msamaria Mwema. Msamaria yule alimimina mafuta na divai juu ya majeraha, akalipa gharama za nyumba ya wageni. Hakuhubiri. Kristo, anasema Papa, ametufundisha kutenda mema kwa njia ya mateso, na pia kuwatendea mema wanaoteseka. Ndugu zangu mlio na afya, nusu yenu ni hiyo ya pili.

Sitasema ndugu wa mgonjwa hawana hoja hata kidogo. Kanisa linafundisha kwamba mtu asinyimwe fahamu zake kwa dawa bila sababu nzito. Huenda mgonjwa anataka kuungama, kupokea masurufu, yaani Komunyo ya anayekaribia kufa, kupatana na mwanawe. Basi muulizeni: unapenda kuwa macho zaidi, hata kama utaumia kidogo? Kisha mwambieni daktari alichosema yeye. Mara nyingi maumivu yakitulia ndipo anapoweza kusali. Mtu anayepiga kelele hamalizi hata Salamu Maria.

Kuhusu ugonjwa kuwa adhabu ya dhambi, sipotezi muda: Yohane 9:3, ambapo Yesu anasema kipofu yule hakutenda dhambi wala wazazi wake, na Ayubu 42:7, ambapo Mungu anawakasirikia marafiki wenye majibu.

Wakolosai 1:24 ndiyo inayonisumbua mimi mwenyewe. Paulo anatimiza "yaliyopungua" katika mateso ya Kristo? Najua maelezo tuliyofundishwa: ukombozi haukupungukiwa kitu, sisi ndio tunapewa nafasi ndani yake. Nayakubali. Lakini nikiwa kando ya mtoto anayeumwa, asiyejua kutolea wala kukataa, maelezo hayo hayanifikishi mbali, na sijisikii vibaya kunyamaza. Katekisimu yenyewe, namba 1501, inakiri kwamba ugonjwa unaweza kumfikisha mtu kwenye kukata tamaa na hata kumwasi Mungu. Anayemwasi akiwa kitandani simkemei.

La mwisho, kwa haraka. Mpako wa wagonjwa, sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, si cheti cha kifo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema si sakramenti ya walio ukingoni mwa kufa tu. Ugonjwa mzito unatosha, upasuaji kwa ajili ya ugonjwa mzito unatosha, na akizidiwa baadaye atapakwa tena. Niiteni mapema, akiwa bado anaweza kuitikia mwenyewe. Na muuguzi akiingia na dawa katikati ya sala, nasogea pembeni, anampa, tunaendelea.