Rekodi ya kuonekana ni nini? Somo kutoka kwa kipepeo wa Gombe

Kwenye daftari langu la zamani kuna mstari unaosema: "Kipepeo mkubwa mweusi, madoa meupe, msituni, karibu na mto." Niliuandika mwenyewe, tena nikiwa na uhakika kwamba sitasahau. Leo haunisaidii hata mimi. Mto upi? Mwaka gani?

Mstari ule si rekodi. Rekodi ya kuonekana ni taarifa fupi inayojibu maswali manne: ni kiumbe gani, kimeonekana wapi, lini, na nani amekiona. Picha si lazima, ila bila picha mtu mwingine hana njia ya kukagua ulichosema. Kwenye iNaturalist, kwa mfano, mtandao ambao watu hupandisha picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, picha yako haipandi hadi daraja la utafiti ("research grade") mpaka iwe na tarehe na mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina la kiumbe wakubaliane.

Kwenye "wapi" ndipo wengi wetu tunapoteleza. Ukiandika "Kigoma", atakayesoma atauliza Kigoma ipi: mji, wilaya, au mkoa mzima hadi Kakonko? Hata "Gombe" peke yake haitoshi. Hifadhi yenyewe ni ndogo, inazidi kilomita za mraba 50 kidogo tu, lakini inaanzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika na kupanda hadi juu ya milima. Msitu mzito uko mabondeni kufuata vijito. Ukipanda migongo ya vilima unakuta miombo na nyasi. Kipepeo uliyemwona bonde la Kakombe usitegemee kumkuta huko juu. Kwa hiyo andika latitudo na longitudo ambazo simu yako inakuonyesha. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, maana yake desimali moja inaacha nafasi ya kilomita 11, desimali tatu zinaibana hadi mita 110 hivi.

Tarehe nayo ina mitego. Simu yangu iliwahi kuishiwa chaji nikiwa kwenye boti kutoka Kibirizi, ilipowaka picha zote za siku ile zikadai zimepigwa Januari 1970, kabla sijazaliwa. Halafu kuna saa. Ukiandika "saa 4" bila kusema asubuhi, mgeni ataisoma kama alfajiri ya saa kumi, wakati vipepeo bado wamelala.

Sasa "nini", na hapa kuna kazi. Mchukue Papilio dardanus, kipepeo wa misituni anayepatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Dume hakupi shida: rangi ya maziwa yaliyoingia manjano, kingo nyeusi, na mkia mmoja kwenye kila bawa la nyuma. Jike wa huku kwetu hana mikia na hafanani na mumewe hata kidogo. Anaiga vipepeo wengine ambao ndege hawawapendi kwa sababu wana sumu, na majike wa spishi hii hii wana sura kadhaa tofauti. Sura moja ni nyeusi yenye mabaka meupe, nakala ya Amauris niavius, mmoja wa hao wenye sumu. Wawili hao wakipita mbele yako kivulini, rangi haitakuambia nani ni nani.

Subiri atue, uhesabu miguu. Ukoo wa Papilio husimama kwa miguu sita. Amauris anaonekana kama ana minne, kwa kuwa jozi ya mbele imedumaa na ameikunja kifuani. Nilipoonyeshwa jambo hili mara ya kwanza nilidhani ni utani. Lakini usifurahi mapema ukihesabu minne: kipepeo mwingine, Hypolimnas anthedon, naye anamwiga Amauris yuleyule, na yeye pia hutembelea minne. Hapo unahitaji picha ya mabawa, juu na chini. Ukiikosa, andika "mweusi mwenye mabaka meupe, miguu minne" na uishie hapo. Jina la kubahatisha ni baya kuliko kukosa jina, maana likishaingia kwenye ramani linasomwa kama ukweli.

Jambo jingine ni pale unapokaa. Mchanga wenye unyevu kando ya kijito huvuta vipepeo wanaofyonza chumvi, na wengi wao huwa madume. Anayerekodi hapo tu atarudi mjini akiamini majike ni adimu, kumbe wako ndani kivulini wakitafuta majani ya kutagia. Ndiyo maana, pamoja na tarehe, namba za mahali na jina langu, huwa naongeza maneno machache juu ya nilichokuwa nikifanya:

"Papilio dardanus, madume 3, mchanga wa kijito, saa 4 asubuhi (10:00), nimekaa nusu saa, picha 5."

Yule wa daftarini sikumhesabu miguu.